Kadi Iliyokwenda Mazoezini Peke Yake

Nianze na kosa langu mapema, nisije nikanogewa na hadithi nikajifanya mtu mwema. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, kadi ya bibi yangu ilihudhuria mazoezi ya wazee mara ishirini na mbili. Kadi, si bibi. Bibi alibaki kitandani amejifunika mpaka kidevuni, na mimi nikaipeleka kadi, ikagongwa muhuri, nikairudisha nyumbani. Kama kadi zingekuwa na misuli, ile ingebeba gunia la saruji.

Mkiniacha hapo mtadhani nilikuwa mtoto mtukutu. Sikuwa mtukutu. Nilikuwa nimechoka.

Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, Bibi na mimi. Mama alikuwa mfuaji wa hospitali, zamu ya usiku. Alipokea mashuka kwa marobota, akayatia kwenye mashine kubwa, akayatoa yamelowa na mazito kama mawe, akayakausha na kuyakunja mpaka kunapambazuka. Aliondoka jioni nikiwa bado nafanya hesabu za shule, akarudi asubuhi vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda majini. Akiingia hakuniuliza hali yangu. Swali lilikuwa moja tu: "Bibi yako ameamka salama?" Nikisema ndiyo, ndipo anashusha pumzi.

Bibi ndiye aliyemzaa Mama. Enzi zake alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa kunyanyua sufuria la watoto mia mbili huku anawafokea wanaoruka foleni. Lakini Babu alipofariki, alikaa kwenye kiti cha sebuleni na kiti kikamzoea. "Mke mwenzangu," aliniita hivyo kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "nisogezee maji." Nikasogeza. "Niokotee leso." Nikaokota. "Niinue." Nikamshika kwapani, nikavuta, tukahema wote wawili. Na usiku Mama akiwa kazini, aliniamsha nimpeleke msalani, mara mbili au tatu. Nilijiona mjukuu bora kuliko wote duniani. Shuleni, mjukuu bora alilala juu ya daftari na kuamka na wino shavuni.

Mjomba, kaka yake Mama, alikaa mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Alipiga simu kila Jumapili na wimbo wake ulikuwa mmoja. "Mlete Mama kwangu. Mzee hawezi kuachwa usiku na mtoto."

"Kwako ni ghorofa ya nne," Mama alijibu. "Wewe na mkeo mnatoka alfajiri, mnarudi giza. Atashinda na nani?"

"Atashinda salama."

Bibi, aliyekuwa anasikia kila neno, alidakia kutoka kwenye kiti chake. "Ghorofa ya nne! Mwambie mimi si njiwa!"

Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Bibi akihamishwa, angekaa dirishani peke yake akihesabu mapaa ya watu. Na mimi ningepelekwa kulala kwa jirani kila Mama akiingia zamu, niwe mgeni kwenye mtaa wangu mwenyewe.

Ndipo kituo cha afya kikatangaza mazoezi ya wazee kwenye ukumbi wa mtaa, Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama akaliona hilo kama kamba ya kushika. Akamwambia Mjomba kwenye simu, "Nipe miezi mitatu. Ahudhurie yote, apimwe mwanzo, apimwe mwisho. Kama hakuna nafuu, njoo umchukue, sitabisha tena."

Mjomba akakubali. Mimi katika maneno yote yale nilishika neno moja tu: ahudhurie.

Siku ya kwanza tulikwenda. Mwalimu wa mazoezi alikuwa dada mmoja kutoka kituo cha afya, mwembamba, na filimbi shingoni, na wazee walikwishampa jina la Kocha. Aliwapima shinikizo la damu mmoja mmoja, kisha akaweka kiti cha mbao katikati ya ukumbi. "Mikono kifuani," alisema. "Simama, kaa, simama, kaa, kwa nusu dakika. Usishike chochote." Bibi alisimama mara nne. Kocha akaandika kwenye daftari lake, akasema si mbaya kwa kuanzia.

"Nina kumbi nne za kuzungukia," akawaambia wote. "Nitarudi hapa baada ya wiki kumi na mbili kuwapima. Katikati mtaongozana wenyewe, na nitajua nani alikuja kwa mihuri ya kwenye kadi."

Aliyekabidhiwa muhuri alikuwa mzee mmoja mstaafu wa posta, ambaye watu walimwita Posta hivyo hivyo. Alikuwa na miwani minene kama kitako cha chupa na meza yake ndogo mlangoni. Unapoingia tu, unampa kadi, anaisogeza mpaka karibu na pua, anagonga muhuri kwa nguvu kama mtu anayeua mende, anapuliza wino, anasema, "Imefika!"

Siku ya pili tulikwenda pia. Siku ya tatu ndiyo iliyoniponza.

Kutoka kwetu hadi ukumbini ni nyumba kumi na saba. Mimi nilizipita kwa dakika tatu. Na Bibi zilitaka dakika arobaini, kwa kusimama kila baada ya nyumba mbili, tena baada ya kuamka saa kumi na moja, kumwinua, kumwosha, kumvisha, kumtafutia fimbo iliyokuwa mkononi mwake. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, soksi yake moja mkononi, macho nimeyafumba.

"Mke mwenzangu," Bibi akasema, "leo miguu imegoma."

Nikafumbua jicho moja. "Basi lala, Bibi. Nitapeleka kadi."

"Kadi ikaruke yenyewe?"

"Posta anagonga mlangoni. Wala haangalii nani ameingia."

Bibi alinitazama, kisha tumbo likaanza kumtikisika. Tulicheka mpaka akapaliwa. Kilikuwa kicheko cha wezi wawili waliokuta mlango wazi.

Nilipofika ukumbini nilimwamkia Posta. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Bibi yuko wapi?"

"Anakuja nyuma, polepole."

"Mwendo wa barua ya kawaida," akasema, akagonga. "Imefika!"

Safari zilizofuata hata hakuuliza, na wazee wenzake ndani walikuwa wengi, hawajamzoea Bibi kiasi cha kumkosa. Nilisikia ndani fundi cherehani mstaafu, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kengele, akihesabu, "Moja! Mbili! Wewe wa nyuma, nyanyua goti, hatukuja kupima sakafu!" Nikatia kadi mfukoni, nikarudi nyumbani, nikalala dakika ishirini zaidi. Dakika ishirini zile zilikuwa tamu kuliko sukari, sitawaficha.

Mama akirudi aliiona kadi mezani. Aligusa mihuri kwa kidole kimoja kimoja. "Hongera, Mama," alimwambia Bibi. "Naona unajitahidi." Bibi alijifanya anakohoa.

Sasa sikilizeni kitu ambacho sikukiona. Wiki ya kwanza Bibi alikuwa anatembea mwenyewe hadi mlangoni. Wiki ya tano, hadi mezani tu. Wiki ya nane alidondosha kijiko, akakitazama pale chini kama mtu anayetazama kitu ng'ambo ya mto. Usiku aliniamsha mara nne. Alikuwa mzito zaidi mikononi mwangu, nami nikachoka zaidi, na kwa kuwa nimechoka zaidi nikapeleka kadi peke yake. Sikuunganisha hata kidogo. Akilini mwangu hesabu ilikuwa rahisi: kadi ikijaa, Bibi anabaki.

Wiki kumi na mbili zikatimia. Siku ya kupimwa ilikuwa Jumamosi, na Mama alitupitia nyumbani moja kwa moja kutoka kazini, harufu ya sabuni ya hospitali bado imemganda. Tulimfikisha Bibi pale tukimshika huku na huku. Kiti cha mbao kilikuwa katikati.

Posta alianza. Mwanzo alikuwa amesimama mara sita. Sasa alifika kumi na moja, akataka kuendelea, filimbi ikamzuia. Fundi cherehani alifika kumi na mbili, akainama kama msanii jukwaani. Wazee walipiga makofi, wakazomeana, wakadai filimbi ya Kocha inapendelea watu.

Kisha Bibi akaitwa. Akaweka mikono kifuani. Akasimama mara moja, miguu inatetemeka. Mara ya pili akafika nusu, akashika kiti. Mara ya tatu hakuinuka kabisa. Nilisikia saa ya ukutani ambayo siku zote sikujua kama inafanya kazi.

Kocha alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono. "Pole, Bibi. Pumzika." Kisha akaichukua kadi, akaigeuza mbele na nyuma. "Mihuri ishirini na minne. Hujakosa hata siku moja."

"Hajakosa," Posta akasema kwa fahari. "Nimegonga mwenyewe, yote."

Kocha akamvuta Mama pembeni, lakini ukumbi ule unarudisha sauti, kila mtu alisikia. "Dada, hili linanitia wasiwasi. Mtu aliyefanya mazoezi yote haya alipaswa apande, walau abaki palepale. Kama ameshuka, basi tatizo si misuli. Huenda ni moyo, huenda ni mishipa ya fahamu. Nasimamisha mazoezi yake leo na naandika barua ya hospitali. Na tafadhali, usiku asiachwe bila mtu mzima."

Mama alitafuta benchi kwa mkono kama mtu aliye gizani, akakaa. "Basi," akasema polepole, "kaka ameshinda." Akatoa simu kwenye mkoba.

Nilimtazama Bibi. Bibi alikuwa anatazama mapaja yake. Niliona midomo yake imebanwa, nikajua: asingesema. Angepanda basi, angepanda ghorofa ya nne, angechomwa sindano za ugonjwa asiokuwa nao, na asingenisema. Kocha alikuwa ameshaanza kuandika. Mama alikuwa anatafuta namba.

"Hakuja," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia. "Bibi hakuja. Alikuja mara mbili tu. Nilikuwa naleta kadi."

Kalamu ya Kocha ikasimama. Nikaeleza yote, manyunyu, soksi, dakika ishirini, huku kamasi na machozi vinashindana. Bibi akanikatiza, "Mimi ndiye mkubwa, lawama ni zangu, nilikubali." Nikasema wazo lilikuwa langu. Tukabishana hapo mbele ya watu, kila mmoja anavuta kosa upande wake kama tunagombania nyama.

Posta alivua miwani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. "Miaka thelathini na moja," alisema, "sijawahi kugonga muhuri kwenye bahasha tupu. Wewe umenigongesha ishirini na mbili."

"Nisamehe, babu."

Aliifuta miwani kwa shati, muda mrefu, na ilikuwa safi.

Nilimgeukia Mama, nikisubiri kofi. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, simu mkononi. "Mimi," akasema, "nilikuwa naisoma ile kadi kila asubuhi. Ndiyo iliyokuwa inanipa nguvu za kurudi kazini jioni." Ni hayo tu. Afadhali kofi.

Kocha ndiye peke yake aliyekuwa anatabasamu, ingawa kwa mbali. Alichana barua vipande viwili. "Mniwie radhi," alisema, "lakini hii ni habari nzuri. Bibi si mgonjwa wa kitu nisichokijua. Amekaa mno, basi. Na wewe, binti, unaona ulipotufikisha? Muhuri wa uongo ulikuwa unanifanya nimtibu maradhi ambayo hana. Mtu akinidanganya namba, mimi napima kivuli."

Mama alimpigia Mjomba akamweleza ukweli wote. Tukamsikia Mjomba, "Na safari hii muhuri utagongwa na nani, polisi?" Kocha aliomba simu. Alimwambia kwa heshima, "Kaka, nipe wiki kumi na mbili nyingine. Mama yenu akisimama mara saba bila kushika kitu, ataweza kuinuka kitandani na kwenda msalani bila kumwamsha mtoto. Asipofika saba, mimi mwenyewe nitamsindikiza stendi." Mjomba akaguna. Kwa Mjomba, kuguna ni kukubali.

Mambo mawili yalibadilika. La kwanza lilitoka kwa Posta. Alitangaza kwamba kuanzia Jumanne muhuri utagongwa mwisho wa mazoezi, kwa mtu anayetoka jasho. La pili lilitoka kwa fundi cherehani. "Mtoto huyu ana shule," alisema. "Nyumba yao iko njiani kwetu. Tutampitia sisi."

"Nikiwa sitaki?" Bibi akauliza.

"Barua isipokuja posta," Posta akasema, bila kunitazama, "posta inaifuata."

Mimi nilipewa kazi iliyonishinda kuliko kumbeba Bibi. Kocha alinikalisha. "Wewe kazi yako ni kuweka mikono nyuma," alisema. "Usimwache aanguke, lakini usimwinue. Mwambie asogee ukingoni mwa kiti, avute miguu chini ya magoti, ainamishe kifua mbele, asukume sakafu. Ukimwinua wewe, misuli inayopata mazoezi ni yako."

Jioni ya kwanza Bibi alisema, "Mke mwenzangu, niinue." Nilikalia mikono yangu. Nikasema yale ya ukingoni, miguu, kifua. Akajaribu, akarudi chini. "Niinue, mtoto!" Sikuinuka. "Mjukuu gani huyu? Nimelea jiwe!" Machozi yalinitoka, lakini mikono ilibaki chini ya mapaja mpaka ikafa ganzi. Mara ya tano aliinuka, akasimama akiyumba, akanitazama kwa hasira. Kisha akasema, "Kwa hiyo nimesimama." Akakaa tena, kwa sababu alikuwa amesahau alitaka kwenda wapi.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa raha. Ilikuwa uchovu mtupu, ila umegawanywa kwa watu wengi. Saa kumi na mbili kasorobo fimbo ya Posta iligonga mlango. Wiki ya tatu Bibi aligeukia ukutani akasema haendi. Fundi cherehani aliingia mpaka chumbani na viatu vyake.

"Wewe mpishi mzima umelala? Sisi tumekuja na magoti mabovu, wewe unayafunika ya kwako blanketi?"

"Nimechoka," Bibi akasema.

"Nani hapa hajachoka?" Fundi alikaa kitandani, kitanda kikalia. Sauti yake ya kengele ilishuka. "Mimi nimemzika mume, nimewazika watoto wawili. Nikikaa nyumbani nachoka peke yangu. Inuka uje uchoke na wenzako."

Bibi aligeuka kutoka ukutani. Kisha akasema, "Nipe soksi." Nikataka kumvisha, Fundi akanitazama tu. Nikampa mkononi.

Kidogo kidogo, bila tarumbeta, mambo yakasogea. Kwanza ilikuwa habari za mtaa. Bibi alianza kurudi na umbea: nani amepata mjukuu, nani anaiba kuhesabu, nani amevaa viatu viwili tofauti. Tangu Babu afariki sikuwa nimemsikia akisimulia kitu. Kisha hamu ya kula ikarudi, akaanza kukosoa chumvi yangu, mpishi ni mpishi. Kisha akaacha kusinzia mchana. Siku moja niliamka nikakuta jua limeshaingia dirishani na hakuna aliyeniita usiku kucha. Nilikimbilia kitandani kwake.

"Bibi! Usiku hukwenda msalani?"

"Nilikwenda."

"Na nani?"

"Na miguu yangu," akasema, akageuka upande wa pili.

Kila Ijumaa nilipitia ukumbini kabla ya shule. Posta alinisamehe kwa njia yake. Wiki ya saba alinisukumia kisahani cha wino na kusema, "Shika, kinavuja, usije ukachafua sare." Nilikishika kama nimepewa mtoto mchanga.

Siku ya kupimwa ilifika. Mfuaji mwenzake Mama alikuwa mgonjwa, kwa hiyo Mama alikuwa ameunganisha zamu tatu, usiku, mchana na usiku tena. Alituma ujumbe kwamba atatukuta ukumbini. Tukasubiri. Hakutokea. Kocha alikuwa na ukumbi mwingine wa kwenda, akasema tuanze.

Bibi alikaa ukingoni, akavuta miguu chini ya magoti, akaweka mikono kifuani. Filimbi ikalia. Moja. Mbili. Wazee walikuwa wanahesabu kwa pamoja, na kwenye nne sauti zikapanda. Tano. Kwenye sita alisimama nusu, akatetemeka, nikahisi mikono yangu inataka kuruka yenyewe, nikaishika mgongoni. Akamalizia. Saba. Hapo sikusikia tena kitu, kwa kelele. Nane. Filimbi.

"Tisa!" Posta alibisha. "Alikuwa ameshaondoka kwenye kiti!"

"Nane, babu," Kocha akasema akicheka. "Na hiyo miwani yako haiwezi kuwa shahidi."

Bibi alikuwa anahema na uso umelowa. Alijifuta, akasema, "Njiwa wangu wa ghorofa ya nne watanisubiri sana."

Kocha aliandika, akafunga daftari, kisha akaniita. Hakunong'ona, alitaka na wengine wasikie. "Binti, wewe ulimpenda bibi yako tangu mwanzo, hilo sina shaka nalo. Lakini kumpenda mzee si kumfanyia kila kitu mpaka viungo vyake visahau kazi. Ni kumwachia afanye anachoweza, na kukaa karibu kwa kile asichoweza. Mwili wa mzee nao ni mwanafunzi, unajifunza mpaka mwisho, ila haupendi kusoma peke yake. Ndiyo maana tuna ukumbi, tuna Posta, tuna Fundi. Na ukichoka, sema umechoka. Hakuna aliyekuja kukusaidia siku zile kwa sababu kadi ilikuwa inatuambia mambo ni mazuri. Ukweli ndio ulioleta watu mlangoni kwenu."

Nilisema nimeelewa. Fundi cherehani akasema, "Ameelewa, sasa mwacheni mtoto, mimi nataka chai."

Tulirudi nyumbani, Bibi na mimi, nyumba kumi na saba. Tulisimama mara moja tu, na ni kwa sababu mimi nilitaka kukimbia mbele kumwambia Mama, na Bibi akanishika mkono. "Tutamwambia pamoja," alisema.

Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. Mama alikuwa kwenye kiti cha sebuleni, mkoba bado begani, funguo mkononi, ameshafunga kitambaa kisafi cha kichwani cha kutokea. Nadhani alikaa dakika moja tu apumzike ndipo aje. Kichwa kilikuwa kimelala begani na mdomo uko wazi kidogo. Viatu vyake vya kazini vilikuwa bado miguuni, kamba zimekazwa, na miguu imevimba juu yake.

Nilifungua mdomo nipige kelele, "Nane!" Bibi akaweka kidole midomoni. Akaegemeza fimbo ukutani. Kisha akainama. Aliinama mwenyewe, taratibu, mkono mmoja kwenye goti, mpaka akafika chini, na mimi mikono nyuma. Akafungua kamba ya kiatu cha kwanza, akakivua. Akafungua cha pili. Akaviweka sawa chini ya meza. Akasukuma sakafu, akainuka, akasimama pale akimtazama binti yake.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "mwanangu, inuka ukalale kitandani."